Kuuza michoro ya kidijitali kwa NFT: mnunuzi anaondoka na nini?

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Shekhe, mimi ni mchoraji na kazi zangu zote nazifanya kwa kompyuta: nakshi, khati za Kiarabu, mandhari, na mara chache sura za watu. Kwa muda mrefu watu wamekuwa wakizinakili bila ruhusa wala malipo. Rafiki yangu akanishauri niziuze kama NFT kwenye blokicheni, akasema kila tokeni itakapouzwa tena nitapata mrabaha wa asilimia kumi. Nimeshauza chache, nikalipwa kwa sarafu ya etha. Sasa rafiki huyo huyo ananiambia nifungue pochi ya pili, yaani akaunti nyingine ya kidijitali ya kuwekea tokeni na sarafu, niununue mchoro wangu mwenyewe ili bei ionekane imepanda, na kwenye tangazo niandike kwamba atakayewahi atavuna faida. Kaka yangu naye anasema jambo lote ni kamari na pesa niliyopata ni haramu. Moyo wangu hautulii. Je, inafaa? Na hizo nilizokwisha kupata nizifanyeje?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ahli zake na masahaba zake.

Dada yetu katika imani, moyo unaouliza kabla ya kula ni neema. Mshukuru Mola wako kwa huo.

Kwa ufupi: kuchora vitu vinavyoruhusiwa ni chumo halali, na kukiuza ulichokichora kwa njia ya tokeni hakuharamiki kwa sababu tu njia ni mpya. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) amesema kwamba hakuna aliyekula chakula bora kuliko kile anachokula mtu kutokana na kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daud (alayhi salaam) alikuwa akila kutokana na kazi ya mikono yake. Ameipokea Bukhari. Lakini hilo la pochi ya pili ni haramu bila shaka yoyote, na tangazo la kuahidi faida usilitoe. Kaka yako amepatia sehemu ya jambo hili na sehemu nyingine amelijumlisha pasipostahili. Ili tutenganishe, inabidi tuanze na swali ambalo wauzaji wengi hawajiulizi: mnunuzi akishalipa, anaondoka na nini hasa?

Blokicheni ni daftari la kumbukumbu linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi duniani. Kila muamala ukiandikwa humo, kompyuta hizo zote hubaki na nakala yake, na hakuna mmoja anayeweza kuufuta au kuugeuza peke yake. NFT ni ingizo katika daftari hilo: namba ya pekee isiyofanana na nyingine, inayosema kwamba tokeni fulani iko katika pochi fulani. Msanii wa Marekani, Kevin McCoy, aliandikisha kazi yake kwa njia ya namna hii mwaka 2014, na kwenye Ethereum, yaani blokicheni yenye sarafu ya etha uliyolipwa, kanuni iitwayo ERC-721, ambayo ndiyo msingi wa tokeni nyingi za sanaa, ilitoka mwaka 2018.

Sasa zingatia hapa, kwa maana ndipo watu wanapodanganyana. Mara nyingi mchoro wenyewe haumo katika blokicheni. Kuhifadhi faili kubwa humo ni ghali mno, kwa hiyo kinachoandikwa ni namba na kiungo kinachoelekeza mahali faili lilipo: pengine kwenye seva ya kampuni, pengine kwenye mfumo wa kuhifadhi wa pamoja kama IPFS. Seva ikizimwa, au asipopatikana anayeendelea kulitunza faili, mwenye tokeni hubaki na namba inayoelekeza pasipo na kitu. Soko la sarafu za kidijitali la FTX lilipofilisika Novemba 2022, tokeni zilizotengenezwa humo ziliacha kuonyesha picha, kwa sababu viungo vyake vilipitia kwa kampuni hiyo hiyo. Wenye nazo walikuwa bado wanazo pochini. Picha ndiyo iliyokuwa haionekani tena.

Tena hakimiliki haihami pamoja na tokeni. Msipoandikiana vinginevyo, haki ya kuchapisha mchoro, kuunakili, kuugeuza na kuutumia kibiashara inabaki kwako uliyeuchora. Wanunuzi wengi hawalijui hilo. Mtu hulipa pesa nyingi akidhani amekuwa mmiliki wa picha, kisha anapotaka kuitia kwenye bidhaa zake anakuta hana ruhusa.

Imam an-Nawawi, ambaye kauli zake ni tegemeo kubwa katika madhehebu ya Shafi'i, ametaja masharti matano ya kitu kinachouzwa: kiwe tohara, kiwe na manufaa, kiwezekane kukabidhiwa, anayekiuza awe na milki au mamlaka juu yake, na kiwe kinajulikana. Tohara hapa haina mjadala. Kukabidhi kunatimia tokeni inapoingia katika pochi ya mnunuzi. Yanayohitaji kutazamwa kwa makini ni manufaa, milki na kujulikana.

Tuanze na manufaa. Je, kitu kisichoshikika kinaweza kuwa mali? Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, liliamua kwamba haki za kimaana, kama haki ya mtunzi na mvumbuzi na jina la biashara, ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali inayozingatiwa kisheria, na haijuzu kuzivamia. Kwa hiyo mchoro wako ni mali yako hata kama hauko kwenye turubai, na wanaounakili bila idhini yako wanakudhulumu. Natangulia kulisema hili kwa sababu Waislamu wengi wanalichukulia wepesi. Wanachota kazi za watu mtandaoni kana kwamba ni maji ya mvua. Aliyekesha akiichora ana haki yake, na Siku ya Kiyama haki za watu hazisamehewi mpaka wenyewe wasamehe.

Basi ikiwa tokeni unayouza inabeba haki inayoeleweka, kwa mfano faili lenye ubora kamili, idhini ya kulitumia kwa namna mliyoitaja, au nakala iliyochapwa na kutiwa saini yako, hicho ni kitu chenye manufaa na kuuzwa kwake kunafaa. Ama tokeni tupu isiyoambatana na haki wala huduma yoyote, ambayo mnunuzi anaichukua kwa kutumaini tu kwamba atatokea mwingine wa kumlipa zaidi, mimi sioni manufaa ya kisheria ndani yake, na sikuruhusu kuiuza. Najua wapo wanazuoni wanaosema kwamba kukikusanya kitu adimu ni manufaa yanayotosha. Nimeitazama hoja yao, na ningeikubali kwa mtu anayeupenda mchoro kwa ajili ya mchoro. Tatizo ni kwamba katika soko hili ni wachache wanaonunua hivyo, na muuzaji anawajua wanunuzi wake.

Kuhusu milki, hapa nitasema neno ambalo wanafunzi wa hadithi watalielewa upesi. Blokicheni inasifiwa kwamba inathibitisha asili ya kazi: inaonyesha ni pochi gani iliyoitoa kwanza, ikaenda kwa nani, na kwa bei gani. Ni sifa ya kweli na ni manufaa makubwa kwa msanii. Lakini maulamaa wa hadithi hawakutosheka na isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi, kuunganika. Walichunguza pia kama mpokezi wa kwanza alisikia kweli, na matini, yaani maneno yenyewe, ikoje. Blokicheni inahifadhi mnyororo wa nani alimkabidhi nani. Haina habari kama pochi ya kwanza ni ya mchoraji au ni ya mwizi aliyeuokota mchoro mtandaoni. Januari 2022 soko la OpenSea lenyewe lilitangaza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya tokeni zilizotengenezwa kwa zana yake ya bure zilikuwa kazi za kunakiliwa, makusanyo ya bandia au takataka. Wewe uliyelalamika kuibiwa unaweza kukuta kesho kazi yako inauzwa huko na mtu usiyemjua, na daftari limemwandika yeye kuwa wa kwanza. Hifadhi rasimu zako, hifadhi faili za mwanzo zenye tarehe, na usiweke sokoni mchoro wenye hata kipande cha kazi ya mtu mwingine ambaye hajakuruhusu. Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam (Allah amridhie) kuuza asichokuwa nacho, na kazi ya mwenzio huna, hata ukiwa na nakala yake.

Kuhusu kujulikana, Mtume (S.A.W.) amekataza biashara ya gharari, yaani ile ambayo hakika yake au mwisho wake umefichika, na katika hadithi hiyo hiyo ya Abu Hurayra (Allah amridhie) iliyo katika Muslim amekataza biashara ya kijiwe, ambayo katika sura zake mtu hurusha kijiwe na kile kitakachoangukiwa ndicho alichonunua. Nenda katika masoko haya utaikuta biashara ya kijiwe imevaa nguo mpya. Kuna makusanyo ya maelfu ya picha ambapo mnunuzi hulipa kwanza, wote kwa bei moja, bila kujua atapata ipi. Baadaye picha zinafunuliwa, na aliyebahatika anapata ile adimu yenye thamani kubwa, na mwenzake anapata isiyotakiwa na yeyote. Hii ni haramu, na ndani yake mna kamari iliyo wazi. Ukialikwa kushiriki katika mpango wa namna hiyo, hata kama wewe ni mchoraji tu unayelipwa ujira wako, kataa. Allah anasema katika Suratul Maida, aya ya 2: "Na saidianeni katika wema na uchamungu, wala msisaidiane katika dhambi na uadui."

Kaka yako pengine ameyaona haya, na ndiyo maana akatoa hukumu moja kwa jambo zima. Na ana ushahidi wa kutosha wa kumtia hofu. Machi 2021 nyumba ya mnada ya Christie's iliuza tokeni ya kazi ya msanii ajulikanaye kama Beeple kwa zaidi ya dola milioni 69, na dunia ikashikwa na homa. Mwezi huo huo tokeni ya ujumbe wa kwanza wa Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter, kwenye mtandao huo iliuzwa kwa takriban dola milioni 2.9, mwaka uliofuata mnunuzi alipoirudisha sokoni akitaka dola milioni 48, mnada ulifungwa na dau la juu kabisa likiwa dola mia kadhaa. Wengi walioingia nyuma yao waliingia na akiba za maisha yao wakatoka mikono mitupu. Moyo unaniuma kwa vijana waliokopa ili wanunue picha wasiyoipenda, kwa sababu tu waliambiwa itapanda.

Hata hivyo kupanda na kushuka kwa bei peke yake hakuifanyi biashara kuwa kamari. Mfanyabiashara wa halali kabisa naye hununua leo asijue kesho atauza kwa ngapi. Kamari ni pale mtu anapotoa mali yake ili apate au akose kwa bahati, na pato la mmoja ndiyo hasara ya mwingine bila bidhaa wala huduma ya kweli kati yao. Anayenunua mchoro wako kwa sababu ameupenda, akajua anachopewa na asichopewa, huyo hajacheza kamari, wala wewe hujamchezesha. Allah amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 29: "Enyi mlioamini! Msiliane mali zenu kwa dhulma, isipokuwa iwe biashara kwa kuridhiana wenyewe." Nia ya mnunuzi iliyofichika moyoni mwake hutaulizwa wewe. Utaulizwa ulichomwambia.

Kwa hiyo nakuja kwenye tangazo. Ukiandika "atakayewahi atavuna faida", umeahidi jambo usilolijua, na umemvuta mtu anunue kwa sababu isiyokuwa mchoro. Hapo umeigeuza kazi ya mikono yako kuwa tiketi ya bahati nasibu. Andika unachokiuza: huu ni mchoro wangu, nimeutengeneza mimi, unapata faili la ubora huu, unaruhusiwa hivi na huruhusiwi vile, nakala ziko kadhaa na sitaongeza, faili limehifadhiwa mahali fulani na nitalitunza kwa muda fulani, sikuahidi kwamba bei itapanda. Katika hadithi ya Hakim bin Hizam waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amesema kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka ya biashara yao hufutwa. Ukisema idadi ya nakala ni kumi, zibaki kumi. Msanii anayetoa nakala nyingine kwa siri kwenye blokicheni nyingine amefanya hiyana, hata kama hakuna atakayemgundua.

Ama pochi ya pili, hii ndiyo najshi ambayo Mtume (S.A.W.) ameikataza kwa tamko lililo wazi: mtu kupandisha bei ya kitu asichotaka kukinunua ili kumhadaa mwingine. Zamani ilihitaji mshirika wa kusimama mnadani akipaza dau. Leo mtu mmoja anatosha kuwa muuzaji na mnunuzi, pochi mbili mkononi mwake, na daftari lisilodanganya linaandika mauzo ambayo ni uongo mtupu. Kampuni ya uchunguzi wa blokicheni iitwayo Chainalysis ilitoa ripoti Februari 2022 ikionyesha watumiaji 262 waliouza tokeni zaidi ya mara 25 kwa pochi walizozitia fedha wao wenyewe. Kati yao 110 walipata faida ya karibu dola milioni 8.9 kwa jumla, faida iliyotoka mifukoni mwa watu waliohadaika. Waliobaki walikula hasara kwa sababu ya ada za miamala. Usiingie katika kundi hilo, dada yangu. Na rafiki aliyekushauri, mnasihi kwa upole, kwa kuwa huenda hajui kwamba alichokuelekeza kina jina na hukumu tangu zaidi ya miaka elfu moja na mia nne. Akiendelea, usimsikilize tena katika mambo ya pesa.

Mrabaha unataka maelezo zaidi kidogo. Ukimuuzia mtu kitu kikawa milki yake kamili, huna haki ya kudai fungu kila anapokiuza, na wanazuoni wa Shafi'i ni wakali kwa masharti yanayoambatanishwa na mauzo kwa namna hiyo. Lakini hapa wewe hujauza kila kitu: umebaki na hakimiliki, na unachotoa ni idhini ya matumizi inayohama kutoka mkono hadi mkono. Mkikubaliana tangu mwanzo kwamba kila idhini hiyo inapohamia kwa mtu mpya, mwenye haki atalipwa asilimia iliyotajwa, naona inafaa kama malipo ya haki yako iliyobaki, na Waislamu hufungwa na masharti yao isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Sharti hilo liandikwe mahali mnunuzi analiona kabla hajalipa. Ila usijenge maisha juu yake. Msanii alipoambiwa kwamba mrabaha unajilipa wenyewe, aliamini umefungwa ndani ya blokicheni. Kumbe kwa sehemu kubwa ulikuwa hiari ya masoko. Agosti 2023 OpenSea ilitangaza kwamba haitaulazimisha tena, baada ya masoko shindani kuvutia wateja kwa kuupunguza. Wachoraji waliokuwa wakitegemea fungu hilo walikatiwa riziki bila kuulizwa. Hiyo ni dhulma kwa aliyeahidiwa, na ndiyo sababu nasema bei yako ya kwanza iwe bei unayoridhika nayo hata usipoona senti nyingine.

Umesema unachora pia sura za watu na khati. Mtu alimjia Ibn Abbas (Allah awaridhie yeye na baba yake) akamwambia kwamba riziki yake inatokana na kutengeneza picha, Ibn Abbas akamhadithia makemeo ya Mtume (S.A.W.) kwa watengeneza picha, kisha akamwambia kwamba ikiwa hana budi, achore miti na visivyo na roho. Wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana kuhusu picha zinazoonekana kwenye kioo tu, lakini mchoro wa mkono wa kiumbe mwenye roho, hata kama mkono umeshika kalamu ya kielektroniki, uko karibu zaidi na makatazo. Nakunasihi ubaki na nakshi, khati na mandhari; uwanja huo ni mpana, na Waislamu waliutajirisha kwa karne nyingi.

Na katika khati, usiweke aya za Qur'ani wala jina la Allah kwenye tokeni. Sababu yangu ni ya kimatendo. Ukishaitoa huwezi kuirudisha wala kuifuta. Itauzwa, itawekwa kando ya picha za uchi na matusi katika soko lile lile, na itakuwa chombo cha ulanguzi mikononi mwa asiyejua utukufu wake. Maneno ya hekima na mashairi mema yanatosha.

Kuhusu kulipwa kwa etha, maulamaa hawajakubaliana. Dar al-Ifta ya Misri ilitoa fatwa ya kukataza biashara ya bitikoini mwanzoni mwa 2018. Baraza la Maulamaa la Indonesia, Novemba 2021, lilikataza kripto, yaani sarafu za kidijitali kama etha na bitikoini, kutumika kama pesa. Baraza la ushauri wa sharia la tume ya dhamana ya Malaysia liliruhusu mwaka 2020 biashara ya mali za kidijitali kwa masharti. Na Baraza la Fiqhi la kimataifa lilipokutana Dubai Novemba 2019 liliona suala bado linahitaji utafiti. Palipo na khitilafu kama hii, ninachokuelekeza ni hiki: panapowezekana kulipwa kwa pesa ya kawaida, chagua hiyo. Isipowezekana, pokea etha kama thamani ya mchoro wako, kisha uibadilishe bila kukawia, wala usiiweke kwa kungoja ipande. Na jiepushe kabisa na zile huduma za kukopesha tokeni au sarafu kwa nyongeza, kwa sababu hiyo ni riba hata ikipewa jina gani.

Wengine huuliza pia kuhusu israfu ya umeme unaotumiwa na kompyuta za blokicheni. Hoja hiyo ilikuwa nzito zaidi zamani. Ethereum ilibadili mfumo wake wa uthibitishaji Septemba 2022, na matumizi yake ya nishati yakapungua kwa zaidi ya asilimia 99.

Sasa pesa ulizokwisha kupata. Michoro ni yako, uliikabidhi, na walionunua waliridhika: pesa hiyo ni halali, usiitupe kwa wasiwasi. Isipokuwa kama katika hizo chache ulitoa ahadi ya faida, au ulinyamaza ukijua mnunuzi anadhani amepata hakimiliki. Hapo waandikie kupitia njia mliyowasiliana, wabainishie wana haki gani, na anayetaka kurudisha mrudishie. Mtume (S.A.W.) amesema kwamba anayemkubalia Mwislamu kuvunja biashara aliyoijutia, Allah atamwondolea kuteleza kwake. Ikiwa mnunuzi si Mwislamu, uaminifu ni ule ule. Ukiwa umeuza sura za watu, istighfari na kuacha kunatosha kwa yaliyopita, kwa kuwa ulikuwa hujui, na ukiweza kutoa sadaka sehemu ya thamani yake ni bora kwako.

Zaka nayo usiisahau, kwa sababu wanaochuma mtandaoni huipita sana. Michoro uliyoichora mwenyewe na bado hujaiuza haina zaka katika madhehebu ya Shafi'i, kwani hukuipata kwa kubadilishana mali kwa nia ya biashara. Zaka inaingia kwenye pesa uliyoipata. Ikifika nisabu, ambayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, peke yake au pamoja na akiba yako nyingine, na ikamaliza mwaka wa Hijria mikononi mwako, toa asilimia 2.5. Kama bado unayo etha hujaibadilisha, ihesabu kwa bei ya soko ya siku ile mwaka unapotimia. Na tokeni za wasanii wengine ulizonunua ili uziuze tena, hizo nazo zihesabu kama bidhaa za biashara kwa bei inayolipwa kweli siku hiyo, bila kuangalia ulizinunua kwa ngapi.

Wallahu aalam.